Mechi 2,130 na Hesabu ya Neema

Katika historia ya michezo ya Marekani zipo namba chache ambazo wapenzi wa michezo wamezikariri tangu utoto. Kwa zaidi ya nusu karne mojawapo ya namba hizo ilikuwa 2,130. Hiyo ni idadi ya mechi alizocheza Lou Gehrig wa timu ya Yankees ya New York bila kukosa hata moja, tangu Juni 1925 hadi mwisho wa Aprili 1939. Alicheza akiwa na homa, akiwa na mgongo unaouma, akiwa na vidole vilivyovunjika. Watu wakampa jina la farasi wa chuma, kwa maana ya gari moshi, chombo kisichojua kuchoka.

Huenda msomaji akauliza kitabu cha imani kinatafuta nini katika uwanja wa besiboli. Mtume Paulo hakuona haya kuwafundisha Wakorintho kwa mifano ya wakimbiaji na wapiganaji wa ngumi (1 Wakorintho 9), nasi tunapita katika njia hiyo hiyo. Hatumleti Gehrig kama mhubiri wala kama mtakatifu. Tunamleta kwa sababu maisha yake yanauliza swali ambalo kila mmoja wetu atakutana nalo: mtu ni nani, pale asipoweza tena kufanya kile kilichompa jina?

Gehrig alizaliwa New York tarehe 19 Juni 1903. Wazazi wake, Heinrich na Christina, walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani, watu maskini wa mjini. Walijaliwa watoto wanne, lakini watatu walifariki wakiwa wadogo sana, akabaki Lou peke yake. Baba alikuwa fundi wa bati na vyuma ambaye mara nyingi alikosa kazi. Nyumba ilisimama kwa mikono ya mama. Christina alifua nguo za watu na kupika katika nyumba za wengine, naye kijana wake akawa akimsaidia kupeleka nguo zilizofuliwa kwa wenyewe. Baadaye mama huyo alipata kazi ya kupika na kusafisha katika nyumba moja ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, na ndoto yake ilikuwa mwanawe asome chuoni hapo awe mhandisi.

Ndoto hiyo ilianza kutimia, kwa kuwa mwaka 1921 kijana aliingia Columbia. Lakini mwaka 1923 wazazi walipatwa na maradhi, fedha za matibabu hazikuwepo, na timu ya Yankees ikaja na dola 1,500 za kusaini mkataba. Gehrig akaacha masomo. Kwa mama ilikuwa pigo, maana hakuvuka bahari ili mwanawe akacheze mpira. Wazazi wengi wa kwetu wanaelewa uchungu huo.

Kwa ajili ya wasioujua mchezo wenyewe, tueleze kwa kifupi. Katika besiboli mtupaji hurusha mpira mdogo mgumu kwa kasi kubwa, na mpigaji wa timu pinzani husimama na rungu la mbao akijaribu kuupiga. Akiupiga vema hukimbia kuzunguka vituo vinne, na kila anayefika kituo cha mwisho huipatia timu yake pointi. Mpigo unaothaminiwa kuliko yote ni ule unaovuka uzio wa uwanja. Timu inayojilinda huweka mchezaji katika kila kituo, na Gehrig alikuwa mlinzi wa kituo cha kwanza. Nyakati zile msimu mmoja ulikuwa na mechi 154, karibu kila siku mechi, na safari ndefu za treni katikati yake. Hiyo ndiyo sababu kutokosa hata mechi moja kwa miaka mingi kulikuwa jambo la ajabu.

Mfululizo wake ulianza bila mbiu. Tarehe 1 Juni 1925 aliingizwa kupiga mara moja badala ya mwenzake. Siku iliyofuata, tarehe 2 Juni, akapewa kituo cha kwanza badala ya Wally Pipp, mchezaji aliyekuwa ameshikilia nafasi hiyo kwa miaka kumi. Hakuna aliyejua kwamba kijana wa miaka 21 hatatoka tena mahali pale kwa miaka karibu 14. Pipp alihamishiwa timu nyingine mwaka uliofuata.

Matunda ya miaka hiyo yameandikwa. Mwaka 1931 mipigo yake iliipatia timu pointi 185, rekodi ya ligi yao. Tarehe 3 Juni 1932, huko Philadelphia, alivusha mpira nje ya uzio mara nne katika mechi moja. Mwaka 1934 aliongoza ligi kwa pamoja katika mambo matatu makuu ya upigaji. Mara mbili, 1927 na 1936, alitajwa kuwa mchezaji bora wa ligi, na timu yake ilitwaa ubingwa mkuu mara sita akiwa ndani yake. Alipoacha kucheza alikuwa amevusha uzio mara 493, na katika kila nafasi 100 za kupiga alifanikiwa mara 34. Tuangalie vema hesabu hii ya mwisho. Mmoja wa wapigaji bora waliopata kuishi alishindwa mara 66 katika kila mara 100. Hakuna aliyemwita mvivu wala mzembe kwa sababu hiyo, kwa kuwa kesho yake alirudi na rungu lake.

Pamoja na hayo yote, kwa muda mrefu hakuwa jina la kwanza katika timu yake. Jina hilo lilikuwa la Babe Ruth. Mwaka 1927 Gehrig alivusha uzio mara 47, idadi ambayo katika timu nyingine yoyote ingemfanya mfalme, lakini mwaka huo huo Ruth alivusha mara 60. Ruth alikuwa mtu wa sherehe na vichwa vya habari. Gehrig alikuwa mtu wa kimya, anayefika kazini na kurudi nyumbani. Magazeti hayana mengi ya kusema juu ya mtu anayefika kazini.

Hapa sisi Walutheri tuna neno la kusema. Mwaka 1520 Martin Luther aliwafundisha watu wa nyakati zake kwamba mbele za Mungu kazi za mtawa hazizidi kwa lolote kazi ya mkulima shambani au ya mama nyumbani, ikiwa zinafanywa kwa imani. Mafundisho hayo ya wito yaliwatoa watu wengi katika kudhani kwamba Mungu anapendezwa na makubwa tu. Mama Christina na beseni lake la kufulia alikuwa katika wito. Kijana wake akilinda kituo cha kwanza siku ya jua kali, mbele ya viti vilivyo nusu vitupu, alikuwa na nafasi ya kuwa mwaminifu katika kidogo. Katika sharika zetu yupo anayefungua mlango wa kanisa alfajiri, yupo anayefua vitambaa vya madhabahu, yupo mwalimu wa shule ya Jumapili mwenye watoto saba siku ya mvua. Uaminifu wa namna hiyo haupigiwi makofi, lakini kanisa husimama juu yake.

Hata hivyo historia ya kweli haina budi kutaja na doa. Ligi ambayo Gehrig aliweka rekodi zake ilikuwa imewafungia mlango watu weusi. Walikuwepo wapigaji na watupaji hodari sana wenye asili ya Afrika, nao walilazimika kucheza katika ligi zao wenyewe, kwa malipo madogo na safari za taabu. Mlango huo haukufunguliwa hadi tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson alipoingia uwanjani na Dodgers ya Brooklyn. Hatulisemi hili ili kumpunguzia Gehrig kilicho chake, kwa kuwa hakutunga yeye desturi hiyo. Tunalisema kwa sababu kila rekodi ya mwanadamu ina watu ambao hawakuruhusiwa kushindana. Kitabu cha hesabu cha dunia hakijawahi kuwa sawa kwa wote, na anayekisoma kama hukumu ya mwisho juu ya thamani ya watu atapotoka.

Tena kuna hatari nyingine, nayo iko ndani ya uaminifu wenyewe. Mwaka 1933 Gehrig aliipita rekodi ya zamani ya mechi 1,307 za mfululizo, iliyokuwa ya Everett Scott. Tangu hapo hesabu ikawa na nguvu yake yenyewe. Julai 1934 mgongo ulimkamata hata akashindwa kusimama sawasawa. Siku iliyofuata, huko Detroit, timu ilimweka wa kwanza katika orodha ya wapigaji, akapiga mara moja, akakimbilia kituo cha kwanza, kisha akatolewa akapumzike. Mechi ikahesabiwa. Miaka ya baadaye madaktari walipopiga picha za mikono yake waliona alama nyingi za mifupa iliyovunjika na kuunga yenyewe, kwa kuwa mwenyewe hakupumzika iponywe.

Tunamheshimu kwa uvumilivu huo, lakini tujiulize nani alikuwa akimtumikia nani siku ile ya Detroit. Bwana Yesu alisema wazi kwamba Sabato iliwekwa kwa faida ya mtu (Marko 2). Mungu aliyetupa kazi ndiye aliyetupa pumziko, na mtu ambaye hawezi kupumzika huanza polepole kuamini kwamba dunia imeshikiliwa na mikono yake. Tunalijua jambo hili sisi wachungaji na wazee wa kanisa. Kuna utumishi ambao ulianza kwa upendo na sasa unaendelea kwa sababu tu tunaogopa hesabu isikatike.

Hesabu ya Gehrig ilikatika kwa njia asiyoitarajia. Katika msimu wa 1938 mipigo yake ilianza kupoteza uzito. Alikuwa na miaka 35, na wengi walidhani ni umri. Alipoanza msimu wa 1939 ikaonekana kuna jambo zaidi. Mipira aliyoipiga kwa ufundi ule ule wa zamani ilikufa karibu, miguu ilimchelewesha, na kuinama kuokota mpira kukawa kazi. Katika mechi nane alifanikiwa kupiga mara nne tu kati ya 28. Mwishoni mwa Aprili wenzake walimpongeza kwa kutimiza jambo dogo ambalo mlinzi yeyote wa kituo cha kwanza hulifanya bila kufikiri, na kwa pongezi hizo akaelewa jinsi hali yake ilivyo. Mtu hodari anapoanza kusifiwa kwa mambo madogo, mwenyewe husikia huruma iliyo ndani ya sifa.

Tarehe 2 Mei 1939, huko Detroit tena, alimwendea kocha wake Joe McCarthy akamwambia kwamba siku hiyo asimpange, kwa faida ya timu. Hakuna aliyemlazimisha. McCarthy alikuwa amemwachia yeye mwenyewe aamue siku. Akiwa nahodha, Gehrig alimpelekea mwamuzi karatasi ya majina, na kwa mara ya kwanza tangu 1925 jina lake halikuwa miongoni mwa watakaocheza. Watazamaji walipotangaziwa walisimama wakampigia makofi, ingawa walikuwa mashabiki wa timu pinzani. Kisha akaketi kwenye benchi. Yankees walishinda siku ile kwa pointi 22 kwa 2. Timu iliweza kucheza bila yeye.

Mwezi uliofuata alikwenda katika hospitali ya Mayo huko Rochester, jimbo la Minnesota. Tarehe 19 Juni, siku aliyotimiza miaka 36, madaktari walitaja ugonjwa wake. Ni ugonjwa unaoharibu neva zinazoiamrisha misuli. Mkono unadhoofu, kisha mguu, kisha ulimi na kifua, na mara nyingi akili hubaki timamu ikishuhudia. Tiba ya kuuponya haikuwepo wakati ule, na haipo hata leo. Huko Marekani watu wengi huuita kwa jina lake. Mtu aliyejulikana kwa mwili usioshindwa, jina lake sasa limekuwa jina la mwili unaoshindwa.

Tunafika sasa kwenye siku ambayo kwa ajili yake tumeisimulia habari hii. Tarehe 4 Julai 1939, sikukuu ya uhuru wa Marekani, watu zaidi ya 61,000 walikusanyika katika uwanja wa Yankees kumuaga. Wachezaji wa zamani walikuja, Ruth akiwamo, ambaye kwa miaka kadhaa hawakuwa na mapatano mema, naye akamkumbatia mbele ya watu wote. Namba 4 iliyokuwa mgongoni pake iliwekwa akiba isivaliwe tena na mtu mwingine, jambo lililokuwa halijawahi kufanyika katika ligi kuu. Zawadi alizopewa ziliwekwa chini kwenye nyasi, maana mikono yake haikuwa na nguvu ya kuzishika. Kisha, baada ya kusitasita, akasogea mbele ya kipaza sauti.

Alisema kwamba watu wamesoma habari za mkosi uliompata, lakini siku hiyo yeye anajiona kuwa mwenye bahati kuliko watu wote walio juu ya uso wa dunia. Kisha akaanza kuhesabu. Mtu angetegemea ahesabu mechi 2,130, au mipigo 493, au ubingwa wa mara sita. Hakutaja hata moja ya hizo. Alihesabu watu. Aliwataja makocha waliomlea na wenzake waliosimama pembeni yake. Aliwataja Giants, wapinzani wao wakubwa wa mjini, ambao nao walileta zawadi. Aliwataja watunza nyasi wa uwanja. Alimtaja mama mkwe wake, anayemtetea yeye hata katika ugomvi na binti yake mwenyewe. Aliwataja baba na mama waliofanya kazi maisha yao yote ili yeye apate elimu na kuujenga mwili wake. Alimtaja mkewe Eleanor, aliyeonyesha ujasiri kuliko alivyodhani unaweza kuwepo. Akamaliza kwa kusema kwamba ingawa amepatwa na mabaya, bado anayo mengi ya kuishi kwa ajili yake.

Neno alilotumia ni bahati, na sisi tungependa kusema neema. Lakini tusiwe wepesi wa kumsahihisha mtu anayeshukuru. Paulo aliwauliza Wakorintho wamtajie kitu walicho nacho ambacho hawakukipokea kwa mwingine (1 Wakorintho 4). Hotuba ile fupi ni kama jibu la swali hilo. Kwa miaka 14 dunia ilikuwa imehesabu alichotoa Gehrig. Siku nguvu zilipokwisha, yeye akahesabu alichopokea, na hesabu hiyo ya pili ikawa ndefu kuliko ya kwanza.

Wasomaji wa kanisa letu watakumbuka kifo cha Luther mwenyewe, huko Eisleben, Februari 1546. Mtu aliyeandika vitabu vingi kiasi kile na kutafsiri Biblia kwa lugha ya watu wake aliacha karatasi ndogo, na maneno ya mwisho juu yake yalisema kwamba sisi ni ombaomba, na hiyo ni kweli. Hakuhesabu vitabu vyake. Alijiona amesimama mikono mitupu mbele ya Mungu anayejaza mikono mitupu. Tunapofundisha watoto wa kipaimara kwamba mwanadamu anahesabiwa haki kwa imani wala si kwa matendo, tusidhani ni somo la mtihani tu. Ni maandalizi ya siku ambayo matendo hayatawezekana tena.

Baada ya hapo Gehrig hakukaa bure. Meya wa New York, Fiorello La Guardia, alimteua kuwa mmoja wa makamishna wa jiji wanaoshughulikia wafungwa wanaoomba kuachiliwa kabla ya muda kwa masharti, naye akaapishwa Januari 1940. Aliifanya kazi hiyo kadiri mwili ulivyomruhusu. Mikono ilipodhoofu zaidi, Eleanor aliushika mkono wake na kuuongoza aweze kutia sahihi. Tunakumbuka vitani kule Refidimu, Haruni na Huri walipoitegemeza mikono ya Musa iliyochoka (Kutoka 17). Musa hakuacha kuwa Musa kwa sababu mikono yake ilihitaji kushikwa.

Alifariki tarehe 2 Juni 1941, hajatimiza miaka 38, miaka 16 kamili tangu siku alipochukua nafasi ya Pipp. Rekodi yake iliishi kuliko yeye. Wengi walisema haitavunjwa kamwe, lakini tarehe 6 Septemba 1995 Cal Ripken wa Baltimore aliipita, akaendelea hadi mechi 2,632. Septemba 1998 Ripken mwenyewe, akiwa mzima wa afya, alimwambia kocha wake kwamba siku hiyo atapumzika, na mfululizo ukaishia hapo. Kila namba ya mwanadamu hufika mahali ikakoma, ama kwa ugonjwa, ama kwa hiari, ama kwa mwingine kuipita. Maneno yale ya shukrani ya mwaka 1939 hayana rekodi ya kuvunjwa, na ndiyo watu wanayoyakumbuka zaidi.

Habari hii inatugusa sisi washarika kwa njia mbili. Kwanza, kwa wale ambao bado tuna nguvu. Tufanye kazi kwa uaminifu, tufike kwa wakati, tushike zamu zetu hata viti vikiwa vitupu. Lakini tusiruhusu idadi ya miaka yetu ya utumishi iwe ndiyo mungu wetu. Wakati ukifika wa kumwachia mwingine nafasi, kumpelekea mwamuzi karatasi isiyo na jina letu nako ni utumishi.

Pili, kwa ajili ya wale ambao nguvu zimewaishia. Katika kila usharika yupo mzee aliyeimba besi katika kwaya kwa miaka 30 na sasa amelala nyumbani kwa kiharusi. Yupo mama aliyekuwa wa kwanza katika kila harambee, na sasa hawezi kufika ibadani. Bahasha zao za ahadi zinarudi tupu au hazirudi kabisa, na polepole majina yao yanaacha kutajwa. Uwanja ule wa New York ulijaa watu kumshukuru mtu ambaye asingeweza tena kuwapigia hata mpira mmoja. Watu wa besiboli waliliweza hilo. Kanisa lililookolewa kwa neema linapaswa kuliweza zaidi, na sio kwa siku moja ya sikukuu. Jumapili hii baada ya ibadani, kabla ya kwenda nyumbani, tupite kwao. Tuketi. Tuwaambie walichotupa, nasi tuwasikilize wakihesabu walichopokea.